Mashua Iliyotumika: Kagua Mkuku Kabla ya Rangi
Anayenunua mashua iliyotumika Sahare au Kigombe, pwani ya Tanga, aanze na mkuku na mataruma. Rangi na tanga jipya visimpumbaze. Wadudu wa baharini hutoboa mbao kwa ndani huku uso ukibaki mzima. Kwa hiyo maji yakipwa, chombo kikiwa mchangani, fundi achokoe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, bei ishuke kwa gharama ya mbao, misumari na kalafati.

Wapo wasemao kwamba chombo kinachovua kila siku kimejithibitisha. Sikubaliani nao, maana vipo vinavyoelea kwa sababu tu mabaharia hawaachi kukumba maji. Kisha dai karatasi: cheti cha ukaguzi cha Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), leseni ya uvuvi ya halmashauri na, kama kuna mashine iliyotoka nje, hati za forodha. Ada zinazodaiwa zikatwe kwenye bei kabla hujatoa shilingi.