Goti la Mtoto Likivimba Baada ya Mchezo

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA ukianza, sisi wauguzi huwapokea vijana wengi wanaochechemea. Wengi wao wana michubuko tu. Lakini yuko anayetueleza kwamba alikuwa akikimbia, akageuka ghafla, akasikia kitu kimelia ndani ya goti, na kabla ya jioni goti likavimba. Wazazi wapenzi, huyo msimpuuze.

Ndani ya goti mna kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kano ya mbele ikikatika, damu hujaa gotini. Kwa mtoto mdogo, pengine kano yenyewe haikatiki bali hung'oa kipande cha mfupa.

Mwacheni apumzike, mguu uinuliwe. Wekeni barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, kisha mleteni hospitali. Tunawasihi msimpeleke kwanza kwa mkandaji! Kuchua na kuvuta goti bichi huongeza uvimbe, na kipande kilichong'oka huweza kusogea. Tena eksirei huonyesha mifupa, si kano. Kwa hiyo, picha ikiwa safi na goti bado linalegea, rudini.

Kano ya pembeni, upande wa ndani, kwa kawaida hupona bila upasuaji. Ile ya mbele ni shida zaidi. Baadhi ya watoto husaidiwa na mazoezi ya kuimarisha paja pamoja na kifaa cha kushikilia goti, wengine huhitaji upasuaji. Hapo atafutwe daktari wa mifupa aliyezoea watoto, kwa sababu karibu na goti ndipo mifupa inaporefukia. Sehemu hiyo ikiumizwa, mguu waweza kupinda au kuwa mfupi. Lakini kukaa miaka na goti linaloteguka-teguka nako huharibu gegedu zilizo kati ya mifupa.

Maumivu huisha mapema, kano bado. Baada ya upasuaji, mtoto asirudi uwanjani kabla ya miezi 9, na mara nyingi ni mwaka mzima, hata kama mwalimu wa michezo anamhitaji fainali. Wasichana waliobalehe huumia kano hii kuliko wavulana. Kabla ya mpira wa pete wafundishwe kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, yasiangukie ndani.

Goti likivimba pamoja na homa, hasa kama mtoto hakuumia, mleteni siku hiyo hiyo, hata usiku.