Mwanga Hauukati Ubao

Ndugu msomaji, ukitaka kumjua seremala, usitazame vanishi aliyoupaka mlango wake, tazama pembe. Pembe zikifungana barabara, bila ufa uliozibwa kwa gundi na unga wa mbao, ujue kwamba aliyeutengeneza alipima kabla ya kukata. Zikiachana, hakuna rangi iwezayo kuificha aibu hiyo kwa muda mrefu.

Katika karakana ndogo, iwe Majengo mjini Sumbawanga au Keko jijini Dar es Salaam, fundi anayejitegemea kwa kazi ya mbao hutamani kuwa na msumeno wa umeme wa kukatia pembe. Huo ni msumeno wenye bapa la duara lililofungwa kwenye mkono. Fundi huushusha mkono huo juu ya meza ndogo iliyochorwa nyuzi, akapata mkato wa mraba au wa nyuzi 45 kwa mpigo mmoja. Siku hizi baadhi ya misumeno hiyo hufungwa pia kifaa kidogo kitoacho mwanga wa leza. Mwanga huo huchora mstari mwekundu juu ya ubao, ukimwonyesha fundi mahali ambapo bapa litapita.

Leza ya kwanza iliwashwa nchini Marekani mwaka 1960 na mwanasayansi Theodore Maiman. Leo imeshuka kutoka maabara hadi kwenye benchi la seremala. Lakini auonaye mstari huo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba kazi ya guni na kalamu imekwisha. Hapo ndipo ubao huharibika. Na ubao wa mninga ukikatwa mfupi haurefuki.

Wazee wa Ufipa wangalilielewa jambo hili upesi, kwani walikuwa wahunzi mashuhuri. Walijenga matanuru marefu ya udongo, yaliyoitwa malungu, mengine yakifikia meta 3 kwenda juu, nao waliendelea kuyeyusha chuma hata ndani ya karne ya 20. Hata hivyo chuma kilichotoka katika tanuru hilo kubwa hakikufuliwa jembe papo hapo. Kilirudiwa kwanza katika tanuru dogo ili kitakaswe. Ukubwa wa tanuru haukumwondolea mhunzi wajibu wa kuhakikisha.

KUFUNGA

Kifaa kilicho rahisi kuongezwa kwenye msumeno usiokuwa nacho ni kile chenye umbo la washa. Hukaa mahali pa washa ya nje inayolibana bapa, hutumia betri ndogo bapa kama vifungo vya shati, na huwaka chenyewe bapa linapozunguka.

Kabla ya yote, chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwani kiwiko huweza kuigusa na vidole visirudi tena. Kisha linganisha tundu la kifaa na mhimili wa msumeno. Lisipoenea, usilipanue kwa tupa, bali tafuta kinachofaa. Bana mhimili kwa kitufe chake, ulegeze bolti. Angalia hapa: katika misumeno mingi ya aina hii bolti hiyo ina hesi za kinyume, nayo hulegea kwa kuzungushwa upande ambao bolti nyingine hukazwa. Wengi huharibu kichwa cha bolti kwa kutumia nguvu mahali palipohitaji kufikiri.

Toa washa ya nje, safisha vumbi, weka kifaa uso wake wa mwanga ukielekea nje, kisha rudisha bolti. Kwa kuwa kifaa huwa kinene kuliko washa, hakikisha kwamba bolti bado imeshika hesi za kutosha. Zungusha bapa kwa mkono. Kinga ya bapa ifunguke na kujifunga bila kugusa chochote. Ikigusa, kifaa hicho hakifai kwa msumeno huo, hata kama kimenunuliwa kwa bei kubwa.

KUJARIBU

Mstari wa leza hufuata bapa. Kama bapa limekaa upande, mstari nao utakaa upande, tena kwa rangi ya kupendeza. Kwa hiyo, msumeno ukiwa bado umechomolewa, shusha bapa na uweke guni kati yake na ukingo wa nyuma wa meza. Guni liguse bati la bapa, lisiguse ncha za meno, kwani meno yametanuliwa kidogo na yatakudanganya.

Kisha vaa miwani ya kukinga macho, chomeka umeme, ukate kipande cha mbao kisicho na kazi. Geuza nusu moja juu chini, uzikutanishe tena nusu hizo zikiwa zimesimama kwa ubavu kwenye ubao ulionyooka. Ukiona mwanga unapenya, ufa huo ni kosa la msumeno lililozidishwa mara mbili.

Halafu chanja mfereji mdogo juu ya ubao mwingine bila kuukata wote, utazame mstari mwekundu unaangukia wapi. Kifaa hiki hukaa ubavuni mwa bapa, hivyo mstari wake huonyesha upande mmoja tu wa mkato. Bapa lenyewe hula milimeta 2 au 3. Asiyejua ni upande upi unaoliwa atapunguza kila kipande kwa kiasi hicho.

Usidhani kwamba huko ni kuchagua mno. Fremu ya picha ina mikato 8 ya nyuzi 45. Kila mkato ukikosea kwa nusu ya nyuzi tu, na makosa yote yakielekea upande mmoja, kwenye pembe ya mwisho utakuta nyuzi 4 zimepotea.

MACHO NA WATOTO

Leza nyingi za zana hizi ni za daraja la 2, yaani nguvu yake haizidi miliwati 1. Kope hufumba upesi zikakinga jicho. Lakini mtu akilazimisha kuutumbulia macho mwanga huo anaweza kujidhuru. Usimwelekezee mtu, wala usimpe mtoto auchezee.

Hatari iliyo kubwa zaidi nyumbani ni zile betri. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo, yaweza kumchoma koo ndani ya saa 2. Zifungiwe mahali pa juu, na akimeza apelekwe hospitali mara moja, bila kungojea aanze kulalamika. Mwenye karakana aliyeajiri vijana akumbuke pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka awape vifaa vya kujikinga.

Kwa fundi mwenye fedha kidogo, basi, mpango uwe huu: kwanza guni la kweli, pili bapa kali, tatu miwani, leza ije mwisho.

Nawe ndugu msomaji usiye fundi, unaweza kuikagua kazi kabla ya kulipa. Chukua uzi, upime mlango kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha upime pembe zile nyingine mbili. Mlango wa sentimeta 200 kwa 80 utakupa takriban sentimeta 215 kila upande. Vipimo viwili vikilingana, na pande zinazoelekeana zikiwa sawa, mlango ni mraba. Mlipe fundi wako haki yake. Visipolingana, mwonyeshe uzi huo kwa upole kabla mlango haujapandishwa kwenye bawaba.