Je, wajua? Roho ya paka imo kwenye ukimya wake

Dagaa, paka wetu, alianguka alfajiri kutoka roshani ya ghorofa ya 4, akimfukuza kunguru. Hakulia. Tuliposhuka tulimkuta amejikunyata chini ya gari la jirani, macho makavu, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa na shida na yeye anangoja tuiseme. Shangazi, aliyeshuka na kanga yake ya kulalia, alimwinamia kidogo, akainuka. "Huyo hana neno," akasema. "Ana roho ya paka." Kabla ya adhuhuri picha ya eksirei ilikuwa imetuonyesha mfupa wa paja la kushoto umekatika vipande viwili.

Tunaposema mtu ana roho ya paka tunamsifu kwamba hafi upesi. Usemi huo una ukweli, na uliwahi kuhesabiwa na watu wasioujua. Katika miezi 5 ya mwaka 1984, hospitali ya wanyama ya Animal Medical Center jijini New York ilipokea paka 132 walioanguka kutoka maghorofani. Madaktari wawili, Whitney na Mehlhaff, walichapisha taarifa yao mwaka 1987: kati ya waliotibiwa, asilimia 90 hivi walipona. Mmoja alianguka kutoka ghorofa ya 32 hadi kwenye zege, akarudi nyumbani baada ya siku 2, akiwa amemeguka jino na kutoboka pafu kidogo. Kisa hicho kimesimuliwa mno hata watu wakaanza kuamini kwamba kuanguka ni mchezo wa paka. Wanasahau kwamba paka aliyekufa papo hapo hapelekwi hospitali, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Wanasahau pia kwamba zaidi ya theluthi ya waliofikishwa walihitaji kuokolewa kwa dharura.

Namna paka anavyojigeuza hewani ilinaswa kwa kamera na Mfaransa Étienne-Jules Marey mwaka 1894. Uti wake wa mgongo unapinda kuliko wa wanyama wengi, na mfupa wa mtulinga haukushikamana na mifupa mingine, unaelea ndani ya misuli. Basi huizungusha kwanza nusu ya mbele, miguu ya mbele ikiwa imekunjwa, kisha huivuta nusu ya nyuma ifuate. Anatua kwa miguu 4. Lakini mshindo haupotei kwa sababu tu ametua vizuri. Hupanda miguuni, hugonga kifua, na mara nyingi kidevu nacho hupiga chini. Ndiyo maana daktari wa mifugo aliyempokea Dagaa hakuugusa mguu kwanza. Alikaa na kipimo cha kusikilizia kifua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Mguu utangoja," akaniambia. "Pumzi haingoji." Upasuaji ulifanyika siku ya pili: pini ya chuma ndani ya uboho wa mfupa, mshono wa urefu wa kidole, na siku ya tatu tukakabidhiwa mgonjwa ndani ya boksi lililokuwa la mafuta ya kupikia.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nusu ya kile tunachokiita roho ya paka ni ukimya. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, yule paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati ambaye bado anazunguka vichakani kwetu. Kimburu huwinda peke yake. Hana kundi, kama simba, la kumwindia akiumia, na mwenyewe ni mdogo kiasi cha kuliwa na tai au mbweha. Mnyama wa namna hiyo akionyesha kwamba anaumwa anawaalika maadui. Miaka elfu kadhaa ya kulala kwenye ghala zetu haijamfundisha kupiga kelele. Paka aliyevunjika paja atakaa kimya kwenye kona, na wewe utasema anapumzika.

Kuna watu walioamua kuusoma ukimya huo usoni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walitoa kipimo cha maumivu kinachotazama mambo 5 tu: masikio, macho, mdomo na pua, masharubu, na namna kichwa kilivyokaa. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2. Masikio yaliyosimama yakitazama mbele ni 0. Yaliyolazwa ubavuni na kuachana ni 2. Macho yaliyofinywa, mdomo uliokazwa hadi uso unaonekana bapa badala ya mviringo, masharubu yaliyonyooka na kusogea mbele badala ya kulegea kwa kujipinda, kichwa kilichoshuka chini ya mabega: yote yanaongeza. Jumla ikifika 4 kati ya 10, huenda dawa ya maumivu inahitajika. Niliuchora uso wa Dagaa nyuma ya risiti ya duka nikaubandika kwenye friji. Usiku wa kwanza alipata 5. Shangazi, aliyenicheka tangu mwanzo, ndiye aliyeniamsha saa nane ya usiku: "Njoo utazame masikio ya huyu."

Dawa tulikuwa nayo, ya matone, iliyopimwa kwa uzito wake wa kilo 3 na nusu. Ilikuwa imebaki saa kadhaa kufikia dozi nyingine, na mimi mkono ulikuwa tayari kwenye kopo la Panadol. Robo tu, niliwaza. Mtoto mchanga hupewa ya maji, itakuwa paka? Nilimpigia daktari kwanza, na nashukuru alipokea, maana nilikuwa karibu kumuua.

Parasetamoli, dawa iliyo ndani ya Panadol, ni sumu kwa paka. Sisi ini letu huichukua dawa hiyo, huifunga na kipande cha sukari, kisha figo huitoa. Paka hawezi kufanya hivyo ipasavyo, kwa kuwa jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kazi hiyo imeharibika kwenye ukoo wake. Pengine ni kwa sababu mla nyama hakuhitaji kamwe kupambana na sumu za mimea. Dawa ikikosa njia ya kutokea hugeuka kuwa kitu kinachoshambulia damu yenyewe. Himoglobini ya paka ina sehemu 8 zinazoweza kushambuliwa namna hiyo; ya binadamu ina 2 tu. Damu hugeuka rangi ya kahawia na kuacha kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kijivu, uso na miguu huvimba. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kuua. Ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazomeza kwa maumivu ya mgongo, nazo ni hatari kubwa. Na ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiimimina kwenye maji, ambayo kila nyumba inayo bafuni? Nyingi zina fenoli, na paka hana namna nzuri ya kuiondoa mwilini. Ukimpaka kidondani atailamba. Daktari alinipangia namna ya kusogeza dozi ya usiku ule, nami nikalirudisha kopo kabatini, rafu ya juu kabisa.

Chakula kilituletea ugomvi mwingine. Kwetu mgonjwa hupikiwa uji, na Shangazi alikuwa ameshaupika, mwepesi, wenye sukari. Dagaa alinusa akageuza kichwa. Hakuwa na kiburi: mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba paka hauonji utamu kabisa, jeni yake ya kuonjea sukari nayo imekufa. Mwili wake unaendeshwa na nyama, na uji hata akinywa debe hautamjenga mfupa. Tukahamia mchuzi wa kuku. Hapo tena nikawahi mkono wa mpishi, maana kitunguu maji na kitunguu saumu hushambulia damu ya paka kwa njia inayofanana na ile ya Panadol. "Mchuzi bila kitunguu, bila chumvi," Shangazi akalalamika, "huo ni maji ya kuoshea sufuria." Lakini akaupika.

Bado hakula. Baada ya nusukaputi pua ya paka huwa kama imelala, na paka asiyesikia harufu hali. Siri ni joto. Chakula kilichotoka kwenye friji hakinukii. Kikipashwa kifikie joto la mwili wake, nyuzi 38 hivi, harufu huinuka. Tulimpashia samaki kidogo, tukamwekea kwenye kisahani kipana ili masharubu yasiguse kingo, tukaondoka chumbani. Jambo la kuondoka ndilo gumu. Kila mtu nyumbani alitaka kumtazama mgonjwa akila. Alikula vijiko viwili. Nilikuwa nimeambiwa nisivumilie saa 24 za kutokula bila kupiga simu, kwa kuwa paka, hasa mnene, akikaa na njaa siku 2 au 3 mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza hadi linashindwa kazi. Anaweza kufa kwa njaa huku mguu unapona.

Ulimi nao ni habari. Umejaa vijimiba vinavyotazama nyuma, vya kitu kilekile kinachofanya kucha, na kila kimoja kwenye ncha kina umbo la kijiko cha kuchotea mate. Kwa manyoya ni chanuo bora. Kwa mshono ni msasa: dakika chache za usiku zinatosha kufumua kilichoshonwa kwa saa nzima. Kwa hiyo huvalishwa ile kola pana kama faneli. Ya dukani ilikuwa kubwa mno, akawa anagonga miguu ya viti na kurudi kinyumenyume kama boti isiyo na nahodha. Tulikata nyingine kutoka karatasi ya zamani ya eksirei, tukazungushia kingo utepe wa kitambaa, na kuipima hivi: vidole viwili vipite kati yake na shingo, na ukingo uipite pua kidogo. Watu wengi huivua kwa huruma siku ya tatu. Siku hizo ndizo kidonda kinapoanza kuwasha. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14, na hadi hapo kola hukaa.

Kuhusu mapumziko, sikujua kwamba neno hilo lina maana ya kifungo. Ngozi hufunga kwa wiki mbili, mfupa huchukua wiki 6, 8, hata zaidi. Kuruka mara moja kutoka kitandani kunaweza kupinda pini. Tuliazima kizimba cha kuku cha waya, tukakiosha mara tatu, tukakitandika kanga kuukuu. Alipata nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, lakini si ya kuruka. Mchanga wake wa beseni tuliubadilisha kwa magazeti yaliyochanwa, maana vumbi hushika kidonda. Kila asubuhi mimi nilikuwa mkaguzi wa haja: amekojoa au hajakojoa, maana dume asiyekojoa siku nzima ni dharura. Kisha mshono. Wekundu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Uvimbe unaozidi, joto, harufu au usaha si kawaida.

Siku ya dawa tulimviringisha kwenye taulo kama mkeka, kichwa tu nje. Siku moja mkeka ulifumuka akaning'ata kidole gumba. Meno ya paka ni membamba, hutoboa kama sindano na kuacha vijidudu ndani huku tundu la juu likijifunga. Niliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nikaenda hospitali, nikaulizwa swali la kwanza nililotegemea: paka amechanjwa kichaa cha mbwa? Alikuwa amechanjwa. Cheti kilikuwepo.

Na kile kitu ambacho kila mgeni alikisifu, mkoromo wake. "Mwone, anafurahi." Si lazima. Paka hukoroma akibembelezwa, akijifungua, na hata akiwa karibu kufa. Mwaka 2023 kundi la watafiti likiongozwa na Christian Herbst wa Vienna lilipitisha hewa kwenye zoloto za paka 8 waliokwisha kufa, na zikakoroma zenyewe, mitetemo 25 hadi 30 kwa sekunde, kwa msaada wa vinofu vilivyomo ndani ya nyuzi za sauti. Wapo wanaosema mitetemo hiyo huunganisha mifupa. Ni wazo zuri, halijathibitishwa kwa paka, nami sikulitegemea. Nilitazama masikio.

Wiki ya 7 eksirei ilionyesha mfupa umeshikana. Nilifungua kizimba, nikangoja atoke mbio. Alikaa humohumo, akajilamba paja lililonyolewa, akalala. Alitoka usiku tulipolala.

Roshani sasa ina wavu wa kuvulia samaki nilionunua sokoni Feri, umekazwa kwa waya juu na chini. Asubuhi kunguru hutua upande wa pili, hatua moja tu kutoka alipo. Dagaa hukaa akimtazama, taya zikimtetema, anatoa ule mlio mdogo wa meno yanayogongana. Kunguru hana haraka. Shangazi ameanza kumwachia vipande vya chapati.