Dawa ya Saratani Inaporudi Nyumbani na Mgonjwa

Leo tuanze na beseni la nguo.

Tuseme unaishi Ng'ambo, Tabora mjini. Mama yako amerudi jana usiku kutoka Mwanza, hospitali ya Bugando, alikotundikiwa dripu ya saratani. Usiku ametapika, na asubuhi shuka lake limelowa mkojo. Dada yako, mwenye mimba ya miezi mitatu, analichukua lile shuka, analitia kwenye beseni na kuanza kufua kwa mikono mitupu. Nani atamkataza? Kumfulia mzazi anayeumwa ni heshima, tena ni thawabu.

Lakini kwenye shuka lile kuna mabaki ya dawa ambayo mhudumu wa wodini hutakiwa kuishika akiwa amevaa glavu jozi mbili na gauni lisilopitisha maji. Sasa kama dawa ni ya kuponya, kwa nini anayeitoa ajikinge hivyo? Na kama ni hatari, kwa nini wanampa mama? Haya ni maswali ya haki kabisa. Tuyajibu kwa kutumia dawa moja inayotumika sana, siklofosfamidi, ambayo hutibu saratani ya matiti, saratani za tezi na nyingine kadhaa.

Ndugu wa sumu ya vita

Siklofosfamidi inatoka kwenye ukoo wa gesi ya haradali, ile sumu iliyotumika kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Madaktari walikuwa wamegundua kwamba watu waliopata sumu hiyo walipungukiwa sana na chembe nyeupe za damu. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mgonjwa mwenye saratani ya tezi alipewa kemikali ya ukoo huohuo. Uvimbe ulinywea, ingawa ulirudi baadaye. Wanasayansi wa Ujerumani wakaendelea kutafuta kemikali ambayo ingemwumiza mgonjwa kidogo zaidi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaipata siklofosfamidi.

Haikukawia kufika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliitumia pamoja na dawa nyingine kuwatibu watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, saratani ambayo leo inabeba jina lake. Kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Kwa hiyo dawa hii inaokoa maisha, hilo halina ubishi.

Inafanyaje kazi?

Ikiingia mwilini, siklofosfamidi bado imelala. Ini ndilo linaloiamsha. Ikishaamka, inakwenda kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe hai. Fikiria kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Chembe ikitaka kugawanyika, lazima kwanza nyuzi ziachane. Dawa hii inazifunga fundo. Nyuzi haziachani, chembe inashindwa kugawanyika, inakufa.

Saratani inaumia sana kwa sababu chembe zake hugawanyika bila breki. Tatizo ni kwamba dawa haina macho. Nywele nazo hugawanyika haraka, utando wa tumbo pia, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele na hutapika, na kinga yake hushuka, hasa kati ya siku ya 8 na ya 14. Siku hizo akipata homa, msisubiri mpaka kesho: apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Na kuna mwili mmoja ambao karibu kila chembe yake inagawanyika mbio: mtoto aliye tumboni. Hapo turudi kwa dada yako na beseni lake.

Inatokaje?

Dawa iliyoingia lazima itoke. Njia kuu ni mkojo. Sehemu yake hutoka ikiwa haijabadilika kabisa, na nyingine hutoka ikiwa vipande vipande. Kimojawapo cha vipande hivyo kinaunguza kibofu, ndiyo maana mgonjwa huambiwa anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara. Akiona damu kwenye mkojo, awaambie madaktari bila kuchelewa. Sehemu kubwa ya dawa huondoka ndani ya saa 48 za mwanzo. Katika saa hizo, mkojo, matapishi na choo kikubwa vihesabiwe kuwa vina dawa.

Je, mabaki hayo yanamfikia anayehudumia? Mwaka 1979 watafiti wa Finland waliripoti kwamba mkojo wa wauguzi walioshika dawa za saratani ulikuwa na dalili za kemikali zinazoharibu urithi, kuliko mkojo wa watu wasiozishika. Tangu hapo taratibu zikabadilika: siku hizi inatakiwa dawa hizi zichanganywe ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa na kuichuja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, limeiweka siklofosfamidi kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa wagonjwa waliotibiwa nayo kwa dozi kubwa.

Sasa usitishike. Kiasi kilicho kwenye shuka ni kidogo sana ukilinganisha na dripu, na kufua mara moja si kwamba mtu ataanguka. Ila angalia hesabu yenyewe. Mama amekubali hatari ndogo ili aepuke hatari kubwa, saratani inayomwua. Dada yako hana saratani. Kila tone linaloingia mwilini mwake ni hasara tupu, halina faida hata moja. Na mizunguko ya dawa ni mingi, si mmoja.

Basi tufanye nini nyumbani?

Kwa saa 48 baada ya kila dozi (kama mlikopewa dawa wamewaambia siku zaidi, fuateni yao):

- Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasishike mkojo, matapishi wala shuka zilizochafuka. Wapewe kazi nyingine: kupika, kumsomea mama, kukaa naye.
- Anayefua avae glavu. Za hospitali zikikosekana, glavu nene za mpira za kuoshea vyombo zinafaa, zitengwe kwa kazi hiyo tu. Akimaliza azivue na kunawa kwa sabuni.
- Shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili, kwa sabuni na maji mengi. Beseni lioshwe vizuri. Maji yamwagwe chooni taratibu yasirukeruke, si uani wanakocheza watoto.
- Nyumba zetu nyingi za uani zina choo kimoja na wapangaji kadhaa. Mgonjwa akojoe akiwa ameketi au amechuchumaa, hata mwanaume, ili isiruke. Kisha sakafu imwagiwe maji ya kutosha. Choo cha kuvuta kivutwe mara mbili, kifuniko kikiwa chini.
- Usimwage Jiki juu ya mkojo mbichi. Vikikutana hutoa hewa inayowasha macho na kifua. Sabuni na maji vinatosha.
- Kama dawa ni ya vidonge, usivisage wala kuvikata ili vimezeke kirahisi. Vumbi lake unalivuta wewe. Mgonjwa akishindwa kumeza, rudini kwa mfamasia.
- Wanandoa watumie kondomu siku hizo, na wazungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango, kwa sababu mimba isiingie wakati wa matibabu. Mama anayepewa dawa hii asinyonyeshe.

Na njiani je?

Watu wa Tabora wanajua safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, miezi kadhaa. Siku hizi mgonjwa anapita Nzega na Shinyanga kwa basi, zaidi ya kilomita 300, na mara nyingi saa 48 zinamkuta barabarani. Kama mna ndugu Mwanza, bora mgonjwa apumzike kwake siku mbili kwanza. Ikishindikana, beba kindoo kidogo chenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo usitegemee kuipata stendi. Beba pia glavu, sabuni, maji na kanga za ziada.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa

Saratani haiambukizi. Mama yako anaweza kula nanyi ugali kwenye sinia moja. Wajukuu wanaweza kumkumbatia na kulala karibu naye. Tunachojikinga nacho ni uchafu wenye dawa, tena kwa siku chache. Hatujikingi na mama.

Hili lisemwe waziwazi, mbele yake, kabla glavu hazijavaliwa. Mgonjwa akiona mwanawe anamshika kwa glavu bila maelezo, anaweza kudhani anaonewa kinyaa, na majirani nao wataongeza yao. Mwambie tu: "Mama, dawa uliyotundikiwa ni kali, na hapa ndani kuna mjamzito. Siku mbili hizi shuka nitafua mimi kwa glavu."

Halafu mwambie dada yako aliache lile beseni, akakae na mama. Kazi hiyo nayo ni uuguzi.