Pimeni Macho Kabla ya Ajali

Ndugu wafanyakazi,

Mwaka fulani mwenzetu mmoja alirukiwa na chembe ya chuma katika jicho la kushoto, akiwa kazini. Alipodai fidia, mwajiri alisema: "Jicho hilo lilikuwa bovu tangu zamani." Mwenzetu hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyemsindikiza ofisini, na mimi pia sikuwa na la kujibu. Tulirudi mikono mitupu. Ndiyo sababu naandika haya, ili kila mmoja wenu, awe Maliba, Hima, Kasese au Bwera, ajue macho hupimwaje.

Kipimo cha kwanza ni ubao wa herufi. Ulitungwa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na hata leo unatumika dunia nzima. Unakaa mita 6 kutoka ubao. Unaziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, unasoma kwa la pili, kisha unabadilisha. Ni lazima yapimwe moja moja, maana jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake, kama mchukuzi hodari anavyobeba mzigo wa mgonjwa. Asiyejua kusoma asione haya: uko ubao wa herufi E peke yake, iliyogeuzwa huku na huku. Unaonyesha kwa mkono tu miguu yake inaelekea wapi.

Daktari ataandika 6/6, au 6/18, au 6/60. Tarakimu ya kwanza ni umbali wako kutoka ubao. Ya pili ni umbali ambao mwenye macho mazima angeusoma mstari ule ule. Basi 6/18 ni kusema: anachokiona mwenzako kutoka mita 18, wewe sharti usogee mpaka mita 6. Ukishindwa hata herufi kubwa ya juu, utasogezwa karibu, utahesabishwa vidole, na mwisho utaulizwa kama unaona mwanga wa tochi.

Ukisoma vibaya, utapewa kibao chenye tundu dogo uchungulie. Ukiona vizuri zaidi, mara nyingi dawa yako ni miwani. Kama hakuna nafuu, daktari atatafuta ugonjwa, kwa mfano mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa operesheni.

Waliofika miaka 40 wapimwe pia kusoma kwa karibu. Mimi mwenyewe nilianza kulisogeza mbali daftari la michango, nikadhani upofu unakuja. Kumbe lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri. Miwani ya kusomea ilinitosha.

Iko pia presha ya macho, yaani glakoma. Hii ni mwizi wa kimya. Huanza kula pembeni, na mtu anaweza kusoma 6/6 huku anaugua. Presha ya kawaida ni 10 hadi 21, lakini wengine huugua hata ikiwa hapo, kwa hiyo daktari huangalia na mshipa ulio nyuma ya jicho. Uoni uliopotea haurudi. Dawa hulinda uliobaki. Kama mzazi wako au ndugu wa tumbo moja anao ugonjwa huu, usikawie.

Najua wengine wanaogopa kupimwa, wakisema: "Wakinikuta na kasoro watanifukuza." Hofu hiyo si ya bure. Kwa hiyo tudai pamoja: kila mfanyakazi apimwe anapoandikwa kazi na baadaye kwa vipindi, nakala ya matokeo abaki nayo mwenyewe, na asiyeona vizuri asaidiwe kwa miwani au kazi inayomfaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka amlipe aliyeumia kazini. Lakini sheria bila ushahidi ni jembe bila mpini.

Na saruji, chokaa au dawa ya shamba ikiingia jichoni, usisugue wala usingoje ruhusa ya nyapara. Osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Ndugu, itunze karatasi ya macho yako kama unavyotunza kadi ya chama. Siku ya ajali, hiyo ndiyo itakayokusemea.