Mwembe wa Nyumbani, Mkungu wa Parokia

Wengi wetu tunaoishi mjini tuna mti tuliouacha kijijini. Wangu ni mwembe. Tulicheza chini yake, wazee walisuluhisha magomvi hapo, na palipotokea msiba watu walikaa hapo hapo. Nilipohamia Dar es Salaam, miti niliiona kero tu: majani yanaziba mifereji ya paa, matawi yanagusa nyaya za umeme.

Kwa mtazamo huo, nikiwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya parokia, niliunga mkono kukatwa kwa mkungu wa uani ili tupate maegesho. Kazi iliisha asubuhi moja. Jumapili iliyofuata, watoto wa katekisimu waliozoea kukaa chini yake walijibanza ukutani wakigombea kivuli chembamba. Ndipo nilipoelewa kwamba mkungu ule ulikuwa mwembe wao.

Hayati Profesa Wangari Maathai wa Kenya naye alikuwa na mti wa utotoni, mgumo karibu na kijito huko Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta umekatwa na kijito kimekauka. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na mwaka 1989 alipinga jengo refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru, katikati ya jiji la Nairobi. Aliyempenda mgumo wa kijijini aliitetea pia miti ya mjini.

Mti hufanya nini mjini?

Saruji na lami hufyonza joto mchana na kulitoa usiku. Kivuli cha mti huzuia jua lisizifikie. Aidha, mti huvuta maji kwa mizizi na kuyatoa majanini kama mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Turubai hutoa kivuli tu. Mti hutoa kivuli na ubaridi. Mvua inaponyesha, majani hupunguza nguvu ya matone na udongo wenye mizizi hunywa maji.

Ushauri kwa kamati

- Tunzeni kwanza mti uliopo. Mche wa leo utahitaji miaka mingi kufikia kivuli chake.
- Msisakafie hadi kwenye shina. Acheni udongo wazi.
- Msipigilie misumari ya matangazo wala kuchoma taka chini ya mti.
- Mnapopanda, kaeni mbali na nyaya, kuta na mashimo ya vyoo.

Kwa wafadhili wetu: bajeti ya miche iwe na fungu la maji na uangalizi wa miaka ya mwanzo. Mche usiomwagiliwa ni fedha iliyotupwa.

Uani kwetu tumepanda miarobaini miwili. Watoto humwagilia kwa zamu. Bado haijawafikia mabegani, na kivuli hakijapatikana.