Mtoto na vyuma: tusimkataze, tumsimamie

Mitaa mingi ya Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni na Likoni, ina jimu za uani. Paa ni la mabati, benchi limepigiliwa na seremala wa hapo hapo, na baadhi ya vyuma si vyuma hasa bali ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Jioni, baada ya swala ya alasiri, mabarobaro huingia kupiga chuma. Pembeni husimama watoto wa miaka 8, 9, 10 wakitazama. Mkubwa akitoka kidogo kwenda kunywa maji, mtoto keshalishika bomba.

Hapo ndipo wazazi hugawanyika. Kuna wanaosema mtoto akibeba vyuma atadumaa, abaki mfupi maisha yake yote. Kuna wanaosema mwacheni akomae, mtoto wa kiume ni nguvu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina kasoro. Wa kwanza wanaogopa kitu kisichokuwa na hatari kubwa, na wa pili wanapuuza kilicho na hatari ya kweli.

Je, vyuma vinadumaza?

Tuanze na mfupa wenyewe. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto, kama ile ya paja, muundi na mkono, kuna tabaka la gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe. Mfupa hurefukia hapo. Mtoto akishabaleghe na kukaribia mwisho wa kukua, tabaka hilo hugeuka mfupa na urefu husimama. Wasichana hutangulia, wavulana hufuata baada ya miaka kama miwili.

Hofu ya wazazi ilitoka hapa: ikiwa gegedu ni laini, je, uzito hautaliponda? Gegedu hilo linaweza kuumia, ni kweli, lakini huumia kwa ajali, kama vile kuanguka kutoka juu ya mti, kugongana uwanjani, au kuangukiwa na kitu kizito. Mazoezi ya uzito mwepesi, yenye mtu wa kuyasimamia, hayajaonekana kumfupisha mtoto. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha taaluma hiyo, walitoa mwongozo mwaka 2020 unaoyakubali mazoezi hayo kwa watoto kwa sharti la usimamizi. Shirika la Afya Duniani, mwaka huo huo wa 2020, lilipendekeza kuwa mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 za wiki afanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa. Mfupa wa mtoto hujengeka kwa kutumika.

Kama tunauogopa udumavu, tuutafute ulipo. Uchunguzi wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Kenya nzima watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Katika kaunti ya Kilifi, jirani zetu hapa, ni watoto 37 kati ya 100, kiwango cha juu kuliko kaunti zote. Watoto hao hawajashika chuma hata siku moja. Kilichowadumaza ni lishe duni na maradhi ya mara kwa mara tangu wakiwa tumboni na wachanga.

Nguvu ya mtoto hutoka wapi

Barobaro akipiga chuma miezi michache, kifua hutanuka na mikono hujaa. Mtoto ambaye hajabaleghe hapati hayo, kwa sababu homoni zinazokuza misuli bado ni chache mwilini mwake. Lakini nguvu hupata. Kinachobadilika kwake ni mishipa ya fahamu: ubongo unajifunza kuiamsha misuli mingi zaidi kwa pamoja na kuipanga ifanye kazi kwa utaratibu. Ni kama kujifunza kuogelea. Mwili ni ule ule, lakini unajua la kufanya.

Faida yake ni mtoto anayekimbia vizuri, anayetua vizuri akiruka, asiyeteguka ovyo akicheza mpira, na ambaye mgongo wake hauchoki akikaa darasani na madrasani kutwa. Watoto wanene, ambao mbio huwatia haya mbele ya wenzao, mara nyingi huyapenda mazoezi haya kwa sababu hapa wanajiona wanaweza.

Kwa hiyo mzazi anayemtwisha mtoto wa miaka 9 chuma kizito ili "apate mwili" anajisumbua. Huo mwili hauji kabla ya wakati wake. Kitakachokuja ni maumivu.

Hatari iko wapi

Watafiti wa Marekani waliwahi kuangalia watu waliofikishwa hospitali baada ya kuumia kwa vyuma. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, majeraha mengi yalikuwa ya mikono na miguu, na yalitokana na kudondokewa au kubanwa na chuma. Ni ajali za mtoto aliyeachwa peke yake na kitu kizito, na mkebe wa saruji usiofungwa sawasawa ni mwaliko wa ajali kama hiyo.

Hatari ya pili ni mashindano ya nani anabeba zaidi. Mtoto anayejaribu mwisho wa nguvu zake hupinda mgongo, hujirusha, hubana pumzi. Hapo ndipo mgongo na mabega huumia.

Hatari ya tatu iko majumbani mwetu na hatuioni. Maji ya mfereji yakikatika, ambalo si jambo geni Mombasa, mtoto hutumwa na mtungi wa lita 20. Lita 20 za maji ni kilo 20. Mtoto wa miaka 9 mwenyewe ana kilo kama 28. Tunamtwika zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, kwa mkono mmoja, mwili umepinda upande, ngazi orofa tatu. Kisha mtoto huyo huyo akiomba ajaribu kichuma cha kilo moja, tunamwambia atadumaa! Mtoto kusaidia nyumbani ni malezi mema. Lakini mpe mtungi wa lita 5 na aende safari nyingi, abadilishe mkono kila safari.

Aanze lini, aanze vipi

Mtoto aliye chini ya miaka 7 hahitaji jimu. Kuruka kamba, kuvutana kamba, kupanda, kukimbia mchangani na kuogelea vinamtosha. Kuanzia miaka 7 au 8, akiwa anasikia maagizo na kuyafuata, na anaweza kusimama imara kwa mguu mmoja, anaweza kufundishwa. Asiyeweza kutulia na kusikiliza bado hajafika, hata awe na mwili mkubwa kiasi gani.

Hatua ya kwanza ni uzito wa mwili wake: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu akiwa amepiga magoti au ameegemea ukuta, kuning'inia kwenye bomba. Akizijua vizuri, apewe ufito au mpini wa ufagio ajifunze namna ya kunyanyua: miguu imeachana kadiri ya mabega, mgongo umenyooka, magoti yanakunjwa, kitu kiko karibu na mwili. Wiki kadhaa zipite hivyo.

Ndipo uje uzito. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, ya lita moja ni kilo moja. Kila nyumba inazo. Apashe mwili moto kwa dakika 5 hadi 10, kisha afanye kila zoezi mara 8 hadi 15, aidha duru moja au mbili. Ahesabu kwa sauti, kwa kuwa anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Mkono ukianza kutetemeka au mgongo kupinda, asimame hapo, hata kama hesabu haijatimia. Afanye siku 2 au 3 kwa wiki, na baina yake iwepo siku ya mapumziko.

Akiweza mara 15 kwa utulivu kabisa, aongezewe sehemu moja ya kumi tu: wa kilo 5 apande hadi kilo 5 na nusu. Haba na haba hujaza kibaba. Kupima mwisho wa nguvu zake asubiri mpaka amalize kukua.

Haya ni ya wavulana na wasichana. Mifupa ya msichana inahitaji kuimarika utotoni pengine zaidi, kwani wanawake ndio huvunjika mifupa zaidi uzeeni. Anaweza kuyafanya ndani ya nyumba pamoja na mama yake au dada zake, na sitara yake ikabaki pale pale.

Jua, saumu na chakula

Msimu wa kaskazi joto letu ni kali na mtoto hupata joto upesi. Mazoezi yawe asubuhi mapema au jua likishapoa, na maji yawe karibu. Mtoto anayejifunza kufunga Ramadhani asifanye mazoezi haya mchana. Ayafanye usiku baada ya kufuturu na chakula kutulia, au ayapunguze mwezi huo.

Poda za kukuza misuli zinazouzwa madukani na mitandaoni asipewe. Mtoto anazo mbaazi, pojo, kunde, mayai, samaki na maziwa. Mahamri kwa mbaazi asubuhi na samaki jioni ni lishe ya mwanamazoezi.

Nani aonwe na daktari kwanza

Mtoto mwenye maradhi ya moyo, kifafa, pumu au shinikizo la damu aonwe na daktari kabla ya kuanza. Zaidi ya wote ni mwenye selimundu, maradhi tuliyonayo sana huku pwani. Kuchoka kupita kiasi na kukaukiwa maji kunaweza kumletea maumivu makali yanayoishia wodini.

Misuli kuuma kidogo siku ya pili ni kawaida. Kiungo kuvimba, kuchechemea, maumivu ya mgongo au yanayomwamsha usiku si kawaida. Na hapa tuna mazoea ya kuyaacha: mtoto akiumia kifundo cha mkono, hukimbizwa kuchuliwa na kukandwa maji moto. Kumbuka lile gegedu. Likiwa limevunjika na likachuliwa badala ya kupigwa picha na kufungwa, mfupa huo unaweza kukua kombo au kubaki mfupi. Hapo mtoto atakuwa ameharibikiwa urefu kweli, na vyuma havitakuwa na lawama peke yao. Picha kwanza, mengine baadaye.

Tufanye nini

Dini yetu haikatazi nguvu. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahih Muslim inamtukuza muumini mwenye nguvu, na tunafundishwa pia kuwa mwili ni amana. Kumnyima mtoto nguvu na kumtwika asichoweza ni kuichezea amana hiyo kwa njia mbili tofauti.

Wenye jimu za mitaani wanaweza kutenga saa moja, siku mbili za wiki, iwe ya watoto peke yao, mabarobaro wakiwa nje na vyuma vizito vimefungiwa. Nje ya saa hiyo mtoto asiingie.

Na mzazi, kabla hujasema ndiyo au la, nenda jimu hiyo mwenyewe uulize mambo matatu. Nani atakayesimama na mwanangu tangu aingie hadi atoke? Ataanza na uzito gani? Mwezi wa kwanza atafundishwa nini? Ukijibiwa kwamba mtoto atajifunza kwa kuwatazama wakubwa, mshike mkono mrudi nyumbani, mwanzie uani kwako na chupa mbili za maji.